Akiba ya Vitu Viozavyo

Wazee husema, “Akiba haiozi.” Neno hili ni la kweli kwa fedha iliyowekwa, na kwa mtama uliokauka ghalani. Lakini mtu akipita Tabora au Muheza wakati wa maembe, mwezi wa Desemba, aweza kudhani kwamba methali hii imeshindwa. Maembe yametapakaa chini ya miti. Watoto wamekula wakashiba, na mbuzi nao wamekula wakayaacha. Sokoni bei imeshuka hata mwenye tenga hapati fedha ya kumlipa mchukuzi. Yaliyosalia yanaoza, na nzi wanayazunguka. Miezi sita baadaye kiangazi kimekaza, majani yamekauka, na katika nyumba zile zile hakuna tunda wala mboga ya majani. Watu wanakula ugali kwa chumvi, karibu na mti ule ule uliomwaga chakula chini.

Hasara hii ni ya namna mbili. Kwanza ni hasara ya jasho. Mkulima amelima, amepalilia na kumwagilia, kisha nusu ya kazi yake imekuwa samadi. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba karibu sehemu 14 katika kila 100 za chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika kwa wauzaji wa rejareja. Matunda na mboga hupotea kuliko nafaka, kwa kuwa yana maji mengi na ngozi laini.

Pili ni hasara ya afya. Embe bivu, papai, na majani ya kijani kama mchicha na kisamvu huupa mwili vitamini A, ambayo macho hayawezi kufanya kazi bila hiyo. Mtoto aliyeikosa kwa muda mrefu huanza kushindwa kuona jioni, na asipopata msaada aweza kupofuka kabisa. Katika sababu za upofu wa watoto zinazoweza kuzuilika, upungufu huu ni mmoja wa zile kubwa. Basi kuhifadhi matunda na mboga si kazi ya kutafuta kitoweo kizuri tu. Ni kazi ya kulinda watoto katika miezi ya ukame.

Tunda lililochumwa lingali hai

Ili kukizuia kitu kisioze, yafaa kwanza kujua kwa nini huoza. Watu wengi hudhani kwamba embe likichumwa limekufa, kama ukuni uliokatwa. Sivyo. Embe lililotoka mtini lingali hai. Lavuta hewa na kuitoa. Latoa joto kidogo na mvuke wa maji, kama afanyavyo mtu aliyelala usingizi. Lilipokuwa mtini, mti ulililetea maji na chakula kila siku. Sasa limetengwa na mama yake, nalo laishi kwa akiba iliyomo ndani yake tu, yaani maji na sukari yake. Akiba hiyo ikiisha, tunda hunyauka, hulainika, na kufa.

Hivyo kazi ya mwenye kuhifadhi ni moja: ama alifanye tunda liitumie akiba yake polepole, ama ayakomeshe maisha yake kwa namna ambayo mharibifu mwingine hawezi kuingia. Wako maadui wanne wanaoiharakisha safari ya kuoza.

Adui wa kwanza ni joto. Kila joto likizidi kwa digrii 10, mwendo wa kuharibika huongezeka mara mbili au mara tatu. Mboga iwezayo kukaa siku 4 mahali penye digrii 20, huenda isipite siku 2 katika digrii 30. Kwa hiyo saa chache za jua la mchana zaweza kuondoa siku nzima ya uhai wa mchicha.

Adui wa pili ni kupotewa na maji. Nyanya ina maji zaidi ya sehemu 90 katika 100. Majani ni mapana na membamba, kwa hiyo maji huyatoka upesi, hasa yakipigwa na upepo mkavu. Mboga ya majani ikipoteza hata sehemu 5 tu katika 100 za uzito wake, hunyauka, na mnunuzi hupita bila kuitazama.

Adui wa tatu ni vijidudu na kuvu. Hawa ni viumbe vidogo mno, vilivyomo hewani, udongoni, majini na mikononi mwa watu. Tunda lenye ngozi nzima ni kama nyumba iliyofungwa mlango. Likichubuka au kupasuka, mlango umefunguliwa, na wezi hawachelewi.

Adui wa nne hutoka ndani ya tunda lenyewe. Matunda mengi yanapoiva hutoa hewa isiyoonekana, iitwayo ethilini, nayo huyaamsha matunda ya jirani yaive pia. Watu wa vijijini waliijua kazi yake zamani, wala hawakujua jina lake. Mama akivundika ndizi, huzifunika vizuri, na pengine hutia tunda lililoiva katikati, nazo huiva upesi. Mwaka 1934 mtaalamu Mwingereza, Robert Gane, alithibitisha kwamba matunda yaivayo hutoa hewa hiyo yenyewe. Lakini jambo lifaalo kwa mwenye haraka ya kula ni hasara kwa mwenye kutaka kuweka. Tunda moja lililoiva mno au kuoza likiachwa katika tenga, huyaharakisha yote. Ndiyo maana methali ya samaki mmoja akioza yafaa kwa maembe pia.

Kuhifadhi huanza shambani

Hakuna dawa iwezayo kuliponya tunda lililokwisha kuumizwa. Kwa hiyo kuhifadhi hakuanzi ghalani, huanza mtini.

Yafaa kuvuna asubuhi mapema, kabla jua halijayatia mazao joto. Embe lisiangushwe kwa mawe wala kwa kutikisa tawi. Pande lisiloonekana limechubuka leo litakuwa jeusi kesho kutwa. Afadhali kutumia upondo wenye kifuko mwishoni, au mtu apande na kulikata tunda pamoja na kikonyo kifupi. Mazao yaliyovunwa yawekwe kivulini mara moja, na yale yaliyopasuka au kutobolewa na wadudu yatengwe, yaliwe siku ile ile.

Tena kuna jambo la vyombo. Nyanya nyingi hupelekwa sokoni katika matenga makubwa yaliyoshindiliwa hata juu. Mchukuzi hufurahi kwa kuwa amechukua mzigo mkubwa kwa safari moja. Lakini nyanya za chini hubeba uzito wa zote, na barabara ikiwa na mashimo hupondeka. Maji yake huwalisha kuvu, nao hupanda juu. Masanduku madogo, yenye pande laini na matundu ya kupitisha hewa, hubeba kidogo kwa mara moja, lakini hufikisha nyingi zilizo nzima. Mwenye tenga kubwa huhesabu alichopakia, na mwenye sanduku dogo huhesabu alichouza.

Ubaridi bila barafu

Joto likiwa ni adui mkubwa, dawa yake ni ubaridi. Katika miji, watu hutumia majokofu ya umeme. Lakini nyumba nyingi za mashambani hazina umeme, au bei yake ni kubwa kuliko ya nyanya zenyewe. Hata hivyo ubaridi waweza kupatikana kwa udongo, mchanga na maji.

Mtoto atokaye mtoni huona baridi upepo ukimpiga, ingawa jua ni kali. Sababu yake ni kwamba maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto, nayo hulichukua katika ngozi yake. Kwa sababu iyo hiyo maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo: mtungi hutoka jasho, na jasho hilo likikauka hulipoza tumbo lake.

Katika Nigeria ya kaskazini alikuwako mwalimu wa chuo, jina lake Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi. Tangu mwaka 1995 alitengeneza na kuwagawia wanavijiji vyungu viwili viwili, kimoja kikubwa na kingine kidogo cha kutosha kuingia ndani yake. Nafasi iliyo katikati ilijazwa mchanga, na mchanga ukaloweshwa maji. Mboga ziliwekwa katika chungu cha ndani, kisha zikafunikwa kwa kitambaa kibichi. Maji ya mchanga yalipita katika udongo wa chungu cha nje yakakauka kwa upepo, na yalipokauka yalichukua joto la ndani. Katika majaribio yake bilinganya zilikaa siku 27 badala ya siku 3, na mchicha ulikaa siku 12 badala ya kuharibika kwa siku 1. Wasichana waliokuwa wakitumwa kila siku kuuza mboga kabla hazijaoza waliweza kuuza kwa mafungu, wakapata nafasi ya kwenda shule. Mwaka 2000 Bah Abba alipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo.

Chombo hiki chaweza kufanyizwa na mtu yeyote apataye vyungu visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa kuwa rangi huziba vitundu vya udongo. Chungu huwekwa kivulini, mahali penye upepo, na mchanga hutiwa maji asubuhi na jioni. Lakini yafaa kujua mpaka wake. Chombo hiki hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, kama Dodoma au Singida wakati wa kiangazi. Unguja au Tanga, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu wa bahari, maji ya mchanga hukauka polepole na ubaridi huwa haba. Tena ubaridi mwingi haufai kwa kila tunda. Ndizi ikiwekwa katika jokofu chini ya digrii 13 hugeuka ngozi yake kuwa nyeusi, wala haiivi vizuri, kwa kuwa ni mtoto wa nchi ya joto.

Kukausha

Chungu hurefusha siku ziwe wiki. Mwenye kutaka kurefusha wiki ziwe miezi hana budi kuondoa maji. Kuvu na vijidudu haviwezi kukua pasipo maji, kama vile mahindi yasivyoweza kuota katika vumbi.

Maarifa haya si mageni. Katika Usukuma viazi vitamu vibichi humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa, navyo huitwa michembe; vikichemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Majani ya kunde hukaushwa pia, yakaitwa nsansa. Katika Ugogo majani ya mlenda hukaushwa na kutwangwa kuwa unga, nao hukaa hata mvua nyingine. Nchi zote mbili zina kiangazi kirefu, na njaa ndiyo iliyowafundisha wazee kazi hii.

Lakini njia ya zamani ina kasoro zake. Chakula kilichotandazwa juu ya mwamba au ardhini hupata mchanga, hunyewa na kuku, na huloa mvua ya ghafula. Tena jua kali likiyapiga majani moja kwa moja huharibu ile vitamini A iliyotafutwa. Majani huwa yamekauka, lakini faida yake kubwa imepotea.

Kwa hiyo njia hiyo imeongezewa mambo machache. Majani huoshwa, hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika 2 hivi, kisha huchujwa. Moto huo mfupi huzuia rangi na vitamini zisipotee upesi wakati wa kukausha na kuweka. Ndipo huanikwa kivulini juu ya uchanja wenye kupitisha hewa, na kufunikwa kwa chandarua. Yakivunjika mkononi kama karatasi kavu, yamekuwa tayari.

Maembe yafaayo kukaushwa ni yale yaliyoiva lakini yangali magumu kidogo. Humenywa kwa kisu safi, hukatwa vipande vyembamba vilivyo sawa, vya unene usiofika sentimita 1. Vikiwa havilingani, vyembamba huungua na vinene hubaki na maji moyoni. Vipande hupangwa visigusane, ndani ya sanduku la mbao lenye paa la plastiki ionyeshayo. Ndani hupakwa rangi nyeusi ili livute joto la jua. Matundu huachwa chini na juu, yafunikwe kwa wavu. Hewa kavu huingia chini, hupata joto, huchukua unyevu wa maembe, na kutoka juu. Baada ya siku 2 au 3 za jua zuri vipande hupindika kama ngozi laini bila kuvunjika wala kutoa maji. Kilo 10 za maembe mazima hutoa karibu kilo 1 ya embe kavu. Mzigo wa mchukuzi umekuwa mzigo wa mtoto.

Kilichokaushwa kiwekwe katika chombo kilichofungwa sana, mahali pakavu penye giza, na kikaguliwe kila mara. Chakula kilichoota kuvu kitupwe. Baadhi ya kuvu zina sumu isiyoondoka hata kwa kupikwa, wala kukwangua juu hakutoshi.

Chumvi, sukari na chupa

Watu wa pwani hawana hewa kavu, lakini wana chumvi. Embe bichi likikatwa na kutiwa chumvi hutoa maji, kwa kuwa chumvi huyavuta. Chumvi hiyo humvuta maji kijidudu pia, akashindwa kuishi. Embe hilo huanikwa, hutiwa pilipili na viungo, nalo ni achari, iliwayo kwa wali muda mrefu baada ya msimu kupita. Ndimu nazo hufanywa hivyo hivyo. Sukari hufanya kazi kama ya chumvi. Tunda likipikwa na sukari ya uzito unaokaribia wake mpaka likawa zito, huwa jamu, na maji yaliyomo hushikwa na sukari hata vijidudu visiyapate.

Njia nyingine ni ya chupa. Nicolas Appert, Mfaransa aliyekuwa mtengenezaji wa vyakula vitamu, alitia vyakula katika chupa, akazifunga kwa vizibo, akazichemsha katika maji kwa muda mrefu. Vyakula vilikaa miezi mingi bila kuoza. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa faranga 12,000, kwa sharti kwamba awafundishe watu wote kwa kuandika kitabu. Appert aliijua njia, lakini hakuijua sababu. Ilikuwa miaka ya 1860 ndipo Louis Pasteur, Mfaransa mwenzake, alipoonyesha kwamba uozo huletwa na viumbe vidogo vinavyoingia kutoka hewani, na kwamba moto huviua.

Hapa pana onyo kubwa. Matunda makali, kama nanasi, au nyanya zilizotiwa maji ya ndimu, yaweza kuhifadhiwa kwa kuchemsha chupa katika sufuria. Lakini maharagwe, mahindi mabichi na mboga za majani hazina ukali huo. Kuna kijidudu cha udongoni ambacho mbegu zake hazifi katika maji yanayochemka, nacho hupenda kukua mahali pasipo hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa. Hutoa sumu iuayo, wala pengine hakuna harufu ya kumwonya mlaji. Kukiua hutakiwa mvuke wenye nguvu na joto la digrii 121, kama ule wa viwandani. Basi mboga hizo nyumbani zikaushwe, zisitiwe katika chupa.

Kuchagua njia

Hakuna njia moja ifaayo kila mahali. Mkaaji wa Dodoma ana upepo mkavu. Achague chungu cha mchanga na uchanja. Mkaaji wa Pemba ana unyevu. Achague chumvi, au sanduku lenye joto la kushinda hewa ya nje. Mkulima wa Lushoto ana baridi ya mlima. Kwake kivuli, usafi na masanduku mema vyaweza kutosha kufikisha mboga sokoni zikiwa nzima. Wala njia hizi hazidai kuni nyingi wala umeme. Jua, upepo, udongo na chumvi ndiyo mali yake, nayo haiishi kwa kutumiwa.

Lakini mtu asingoje maembe yaanguke ndipo atafute mbao za sanduku. Uchanja hujengwa kabla ya msimu, na chungu hufinyangwa kabla ya mavuno. Tunda laishi siku chache tu kwa akiba yake lenyewe. Aliyejitayarisha huzigeuza siku hizo zikawa miezi. Mwezi wa Juni, mama atoapo chunguni majani makavu aliyoyaanika wakati wa mvua, akayatia katika mboga ya karanga, na watoto wakala wakashiba, hapo methali ya wazee husimama tena. Embe huoza na mchicha huoza, lakini akiba haiozi.